Kisanduku cha tatu: kadi iliyoisha, faksi ya wodini na safari ya msiba

Alhamisi ya tarehe 27 Machi 2025, saa nne usiku, nilipigiwa simu na dada mmoja ambaye nilikuwa nimeonana naye mara mbili tu. Ni muuguzi katika hospitali ya mji wa wastani nchini Ujerumani, na namba yangu alipewa na mtu aliyemwambia kwamba mimi najua kusoma barua za ofisi za huku. Mimi si mwanasheria. Nimeishi huku miaka mingi, nimezungushwa na madirisha mengi, na kwa sababu hiyo watu huniletea bahasha zao.

"Kaka, samahani kwa usiku huu. Sina shida kubwa. Kadi yangu ya ukaazi inaisha Jumatatu, ila miadi ninayo tayari. Nilitaka tu uniangalizie kama karatasi zangu zimetimia."

Nikamuuliza miadi ni ya lini. Tarehe 17 Juni. Nikamuuliza kama ombi ameshapeleka.

Akanyamaza kidogo. "Si ndiyo hiyo miadi?"

Hakuwa mzembe. Tovuti ya ofisi ya wageni ya mji wake ina kitufe kikubwa cha kuweka miadi, na ukishakibonyeza unaletewa barua pepe yenye namba, tarehe na sentensi ya kukushukuru. Ukiisoma haraka unaona umeshapokelewa. Nilimwomba anitumie picha ya barua hiyo, nikaisoma mara tatu nikitafuta neno Antrag, yaani ombi. Halimo. Lililomo ni Termin, miadi. Kwa Kijerumani cha ofisini haya ni mambo mawili yasiyojuana: la kwanza ni tendo la kisheria, la pili ni nafasi ya kukaa kwenye kiti mbele ya mtumishi. Ziko ofisi zinazotangaza wazi kwamba kwao aliyeweka miadi mapema ahesabiwe kuwa ameomba. Ya kwake haikuwa imetangaza hivyo, na mimi jambo ambalo ofisi haijaliandika huwa silihesabu.

Sasa uzito wa hiyo Jumatatu. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani, Aufenthaltsgesetz, ina kifungu cha 81. Aya yake ya 4 inasema kwamba mtu akiomba kuongezewa kibali, au kupewa cha aina nyingine, kabla kile alichonacho hakijaisha, basi kile cha zamani kitahesabika kuwa kingali hai mpaka ofisi itoe uamuzi. Kinaendelea na masharti yake yote; kama kilimruhusu kufanya kazi, anaendelea na kazi. Ofisi ikikawia miezi mitano, hiyo ni juu yake. Lakini ombi likiingia siku moja baada ya kadi kuisha, kinga hiyo haipo. Aya hiyohiyo inaipa ofisi uwezo wa kumhurumia aliyechelewa pale ambapo kumnyima kungemtesa kupita kiasi, ila hapo umeshatoka kwenye haki umeingia kwenye kubembeleza, na kubembeleza kuna zamu zake.

Kwa hiyo lililokuwa mbele yetu si kama atapewa kibali kipya. Hilo halikuwa na mashaka: taaluma yake ilishatambuliwa, mkataba mpya alikuwa nao, mwajiri ni yuleyule. Swali lilikuwa dogo zaidi na gumu zaidi: tarehe 1 Aprili, mtu akimuuliza aliomba lini, ataonyesha nini?

Kabla ya hiyo Jumatatu tulibaki na siku moja tu ya kazi, Ijumaa.

Barua tuliiandika usiku uleule, yeye akiwa na kompyuta mapajani, mimi nikimsomea kwa simu. Wengi hudhani ombi ni ile fomu ndefu ya kurasa nyingi. Fomu huja baadaye. Sheria hailazimishi fomu fulani ili ombi lihesabike kuwa ombi. Karatasi yenye jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia, anwani, namba ya kadi na saini inatosha, ilimradi iseme waziwazi kinachoombwa. Kinachoombwa kilikuwa sentensi mbili. Ya kwanza: naomba kuongezewa kibali changu cha ukaazi cha kifungu cha 18a, kinachoisha tarehe 31 Machi 2025. Ya pili: naomba nipewe cheti cha kifungu cha 81, aya ya 5, yaani kile cha kushuhudia kwamba ombi limeingia.

Yeye alitaka kuongeza aya ya kueleza alivyowahudumia wazee wakati wodi haina watu, na jinsi anavyoipenda nchi. Nikaikata. Si kwamba si kweli. Ni kwamba mtumishi wa ofisi hana kisanduku cha kujazia mapenzi.

Akaambatanisha nakala ya kadi pande zote mbili, ukurasa wa pasi, mkataba mpya, hati za mshahara za miezi mitatu, uthibitisho wa bima ya afya na cheti cha kuandikishwa makazi. Mkataba wa nyumba hakuuona usiku ule. Alitaka kusubiri aupate kwanza, na hapa ndipo wengi huumia: mtu anangoja faili litimie, tarehe inampita. Ombi lenye pengo bado ni ombi. Tukaandika chini: mkataba wa nyumba utaletwa.

Ijumaa asubuhi barua ilikwenda kwa njia tatu. Ya kwanza barua pepe, ambayo ilijibiwa papo hapo na mashine kwamba ujumbe umefika na tafadhali usiutume tena. Ya pili faksi. Dada huyu alikuwa akiicheka ile faksi ya wodini kwao tangu siku ya kwanza alipoingia kazini; hakuwahi kuona chombo hicho kikifanya kazi popote. Kiongozi wake wa zamu akamruhusu kuitumia. Saa moja na dakika 42 asubuhi mashine ikatema karatasi moja: juu yake namba ya mpokeaji, tarehe 28.03.2025, saa, idadi ya kurasa, neno OK, na chini yake picha ndogo ya ukurasa wa kwanza wa barua, maandishi yamebanana lakini sentensi zote mbili zinasomeka. Nilimwambia aihifadhi karatasi hiyo kuliko pasi. Aliona natania.

Ya tatu ilikuwa kuitumbukiza barua kwenye sanduku la ofisi yenyewe, alipotoka zamu. Kuna masanduku ya aina mbili kwenye majengo ya serikali huku. Lipo la kawaida, ambalo hufunguliwa asubuhi ya siku ya kazi na kila kilichomo hupigwa muhuri wa siku hiyo. Na lipo la muda wa mwisho, Fristenbriefkasten, lenye mtambo ndani unaotenganisha barua zilizoingia kabla ya saa sita usiku na zilizoingia baada yake. Ofisi yake ilikuwa na lile la kawaida. Akaitumbukiza alasiri ya Ijumaa, ofisi ikiwa imeshafungwa, na nikamwambia apige picha mkono wake ukiwa mlangoni mwa sanduku, jina la ofisi likionekana. Kisheria picha hiyo si kitu kikubwa. Ila mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi huwa sikatai kurasa za daftari.

Jumatatu kadi ikaisha. Jumanne, tarehe 1 Aprili, idara ya utumishi ya hospitali ikamwondoa kwenye ratiba ya zamu.

Hili sikulitazamia, na ni kosa langu. Nilikuwa nimeishughulikia serikali nikamsahau mwajiri. Mwajiri wa Ujerumani anatakiwa na kifungu cha 4a cha sheria ileile ahakikishe kwamba mfanyakazi wake mgeni ana kibali, na aweke nakala yake muda wote wa ajira. Akimwajiri asiyeruhusiwa kufanya kazi, sheria ya hifadhi ya jamii, kitabu cha tatu, inataja faini inayoweza kufika euro 500,000. Mama wa idara ya utumishi hakuwa na ubaya wowote na huyu dada. Kompyuta yake ilimwashia rangi nyekundu, naye akafanya linalofanywa na mtu anayeogopa: akafunga mlango kisha akauliza.

Alichokuwa hakijui mama huyo ndicho kiini cha kisa kizima. Kinga ya aya ya 4 hailetwi na cheti. Inaletwa na sheria yenyewe, saa ileile ombi linapoingia kwa wakati. Cheti huja baadaye kushuhudia jambo ambalo limeshatokea, kama cheti cha kuzaliwa kinavyomshuhudia mtoto ambaye tayari analia. Ofisi ikichelewa kukitoa, haki haijachelewa. Shahidi ndiye aliyechelewa. Lakini jaribu kumweleza hivyo mtu mwenye rangi nyekundu kwenye kioo chake.

Tulimpelekea vitu vitatu kwa barua pepe moja: nakala ya ombi, ile karatasi ya faksi, na maandishi ya kifungu cha 81 aya ya 4 kutoka tovuti ya serikali ya sheria, bila maelezo yetu. Akavituma kwa mwanasheria wa hospitali. Ijumaa dada akarudi kazini. Zamu tatu zilikuwa zimekwenda. Siku hizi mtu akinipigia kwa jambo kama hili, barua ya mwajiri naiandika usiku uleule, kabla hata ya kuifunga bahasha ya ofisi ya wageni.

Wiki tatu zikapita. Tarehe 22 Aprili akaitwa ofisini kuchukua cheti chake, akalipa euro 13, na saa tano asubuhi nikapata ujumbe: "Kaka nimepata!!!" na alama za kushangilia. Nikamjibu hongera. Sikumwomba picha. Hilo nalo liandikwe kwenye deni langu.

Cheti chenyewe kinaitwa Fiktionsbescheinigung. Jina linatisha, lakini maana yake ni nyepesi: ni cheti cha kujifanya. Sheria inajifanya kwamba kitu fulani kipo. Ni karatasi ya kukunja yenye kurasa kadhaa, na ukurasa wa 3 una visanduku vitatu ambavyo mtumishi huweka alama ya X kwenye kimoja. Kisanduku cha kwanza kinasema kukaa kwako kunahesabika kuwa kumeruhusiwa. Hicho ni cha mtu aliyekuwa nchini kihalali bila kuwa na kibali cha ukaazi, kwa mfano aliyetoka nchi isiyohitaji viza, kisha akaomba kibali akiwa humuhumu. Cha pili kinasema kuondoshwa kwako nchini kumesimamishwa. Cha tatu kinasema kibali chako cha ukaazi kinahesabika kuwa kinaendelea.

Ukiwa huna mpango wa kutoka nje ya nchi, tofauti ya cha kwanza na cha tatu unaweza usiione kabisa. Inaonekana siku unapotaka kurudi. Mwenye X kwenye cha tatu anaweza kutoka Ujerumani na kuingia tena, mradi awe na cheti, pasi, na ile kadi iliyoisha muda, vinatembea pamoja. Mwenye X kwenye cha kwanza akishavuka mpaka, cheti chake hakimrudishi. Itambidi aombe viza upya ubalozini, kama mtu anayekuja kwa mara ya kwanza.

Jumanne ya tarehe 6 Mei baba yake akafariki.

Jumatano usiku alinipigia, na hakuanza na msiba. Alianza na tiketi. Alishanunua, anaondoka Jumamosi. Ndivyo watu wanavyojishikilia. Nikampa pole, tukanyamaza pamoja kidogo, kisha akasema, "Kaka, ile karatasi inatosha kunirudisha?" Akanitumia picha ya ukurasa wa 3.

X ilikuwa kwenye kisanduku cha kwanza.

Niliikuza picha mpaka ikawa vidoti. Nilitumaini ni kivuli cha simu. Haikuwa kivuli. Nikamwambia, "Dada, usisafiri na hiyo. Kesho asubuhi na mapema uwe mlangoni kwao." Hakubisha wala hakulia. Akaniuliza nini cha kubeba.

Nilijaribu kukisia kilichotokea, na ikathibitika kesho yake kwamba sikukosea sana. Faksi ya Ijumaa haikuwa imeingia kwenye ofisi ya wageni. Namba iliyokuwa kwenye barua zao ni ya chumba cha posta cha jengo zima la manispaa. Pale ikachapwa, ikakaa kwenye trei, ikapandishwa ghorofani Jumatano na kupigwa muhuri: 2 Aprili. Ile iliyotumbukizwa sandukuni ikafuata mkondo uleule. Mtumishi alipofungua faili aliona kadi imeisha tarehe 31 Machi na ombi limeingia tarehe 2 Aprili, siku mbili nje ya muda. Akaona kisanduku cha tatu hakimstahili, na kwa wema wake, nadhani, akampa cha kwanza asiondoke mikono mitupu. Kisheria hata hicho cha kwanza hakikumfaa mtu wa namna yake. Ofisini mambo huenda hivyo: mtu anakukosea akijua amekusaidia.

Na muhuri ule ulikuwa na kasoro. Siku ya ombi kuingia ni siku lilipofika mikononi mwa mamlaka, yaani lilipoingia kwenye mashine yao au sanduku lao, si siku mtumishi fulani alipolikuta mezani.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi alikuwa mlangoni. Mlinzi akamwambia bila miadi haingii mtu. Hii ni kauli ambayo mgeni wa Ujerumani huisikia usingizini. Nilikuwa nimemshauri asibishane na mlinzi wala asimsimulie kisa chote, kwa sababu mlinzi hana mamlaka ya kuamua chochote isipokuwa mlango. Alimpa bahasha na kumwomba jambo moja: aipeleke kaunta. Nje ya bahasha tuliandika mistari miwili kwa herufi kubwa: kusahihisha cheti cha kifungu cha 81, safari ya msiba, Jumamosi 10.05. Ndani kulikuwa na nakala ya karatasi ya faksi, nakala ya kadi, nakala ya ukurasa wa 3, na tiketi. Tarehe ya faksi tuliipaka kalamu ya njano. Hakuna kingine tulichokipaka rangi.

Alikaa kwenye ngazi mpaka karibu saa tano. Kisha mtumishi mwanamke akatoka na ile bahasha mkononi, akamwita kwa jina la ukoo, wakaenda chumbani. Mazungumzo, kama alivyonisimulia, hayakuzidi dakika tano. Mtumishi akageuza kioo cha kompyuta amwonyeshe: 2 Aprili. Dada akaweka mezani karatasi ya faksi yenyewe, ile halisi, si nakala. Namba ya mpokeaji ilikuwa ileile iliyochapwa kwenye kichwa cha barua za ofisi hiyo. Mtumishi akaisoma, akainuka, akatoka nayo. Aliporudi alikuwa na cheti kipya, X kwenye kisanduku cha tatu, na kile chenye kosa akakichana mbele yake. Euro 13 hazikudaiwa tena. Hakuomba radhi, na huyu dada hakuwa na nguvu ya kuidai.

Watu wameniuliza: na kama angegoma? Tungetafuta huduma ya ushauri kwa wahamiaji watu wazima, ile inayofupishwa MBE, ambayo serikali kuu inaigharamia na mashirika kama Caritas, Diakonie na AWO yanaiendesha bila kumtoza mtu. Washauri wao huwa na namba za simu ambazo sisi hatuna. Mahakama ya utawala ingekuwepo pia kwa maombi ya dharura, lakini kati ya Alhamisi na Jumamosi, na mazishi yanamsubiri, nisingemshauri kuitegemea. Ushauri wangu ungekuwa mgumu: usiende, au nenda ukijua hurudi karibuni. Nashukuru sikulazimika kuutoa.

Akaenda, akamzika baba yake. Hayo si ya kuandikwa hapa.

Kurudi kulikuwa Jumapili ya tarehe 1 Juni. Kwa bahati, aliponunua tiketi alikuwa amechagua njia inayotua Ujerumani moja kwa moja kutoka nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikaguani pasi mipakani. Cheti chenye kisanduku cha tatu kimo kwenye orodha ya hati ambazo Ujerumani imewaarifu wenzake wa Schengen, kwa hiyo kisheria angeweza hata kupitia nchi nyingine ya eneo hilo. Lakini mbele ya askari wa mpaka wa nchi hiyo nyingine, saa kumi alfajiri, karatasi ya Kijerumani ya kukunjwa ni mtihani usio wa lazima. Nikiulizwa, huwa nasema: mtue kwanza kwa waliokiandika.

Hata hivyo mtihani haukuwa kwa askari. Ulikuwa kwenye kaunta ya shirika la ndege, kabla ya kupanda. Kijana wa kaunta aliiona kadi, akaona imeisha, akairudisha. Akapewa cheti, akakigeuza juu chini. "Hii si viza." Kweli si viza. Nyuma yake mstari unanung'unika.

Namtetea kidogo kijana huyo. Sheria ya Ujerumani, kifungu cha 63, inalikataza shirika la usafiri kumleta mgeni asiye na hati za kuingilia, na adhabu inaanzia euro 1,000 hadi 5,000 kwa kila kichwa. Kwa hiyo kaunta ile, kilomita maelfu kutoka mpakani, ndiyo mpaka wenyewe, na anayeulinda ni mtu ambaye hakusomea sheria ya nchi hiyo hata moja. Anachotegemea ni mfumo wa kompyuta unaomwambia nchi gani inataka nini. Mashirika mengi hutumia uitwao Timatic. Ukiandika humo "kibali" utapata majibu ya kadi. Ili upate jibu la cheti, inabidi uandike jina lake.

Nilikuwa nimemwandikia dada jina hilo kwenye kikaratasi, herufi kubwa moja moja: FIKTIONSBESCHEINIGUNG. Aliomba aitiwe msimamizi, akampa kikaratasi, akamwomba alitafute neno hilo kama lilivyo. Msimamizi akaandika, akakosea, akaandika tena. Kisha akasoma, akaomba kuona ukurasa wa 3, akahesabu visanduku kwa kidole: kimoja, viwili, vitatu. Akaomba ile kadi iliyoisha muda. Dakika arobaini jumla, na begi likapita. Upande wa Ujerumani askari wa mpaka alikitazama cheti kwa muda wa kupiga muhuri tu.

Miadi ya tarehe 17 Juni, ile iliyoanzisha yote, ikawa siku nyepesi kuliko zote. Kulikuwa na sekeseke dogo la picha: alikwenda na picha za karatasi alizopiga mwezi Machi, wakati kuanzia tarehe 1 Mei 2025 picha za hati hizi hutakiwa ziwe za kidijitali. Akapiga kwenye mashine ya palepale kwa euro 6. Akaweka vidole viwili vya shahada kwenye kioo, akatia saini, akalipa euro 93. Mtumishi akaagiza kadi kutoka kiwanda cha uchapaji cha serikali, Bundesdruckerei. Cheti kilikuwa kimeandikwa kuisha tarehe 21 Julai. Kadi ikafika siku sita kabla.

Alinitumia picha yake. Safari hii sikujibu hongera, nilitazama tarehe kwanza. Inaisha tarehe 19 Agosti 2026.

"Kaka, mbona miezi kumi na tatu tu? Mkataba wangu sasa hauna mwisho."

Nikamwambia afungue pasi yake atazame ukurasa wa picha. Nayo inaisha tarehe 19 Agosti 2026. Ofisi ya wageni kwa kawaida haitoi kadi inayoishi kuliko pasi inayoibeba. Kama angekuwa na pasi mpya mwezi Juni angepata miaka. Na mimi, niliyeusoma ukurasa ule wa pasi usiku wa tarehe 27 Machi nikautafutia namba tu, sikuitazama tarehe.

Nilimwambia hivyo bila kuficha. Akacheka, kicheko cha kwanza nilichomsikia tangu msiba. Wiki iliyofuata fomu ya pasi ilikuwa imeshafika ubalozi wa nchi yake. Alinitumia risiti yake, muhuri na tarehe vinasomeka, bila neno lolote.